Huruma Katika Kumsamehe Aliyekosa

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, ambaye rehema yake imeienea kila kitu, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo, katika mambo yaliyo mepesi ulimini na mazito moyoni hakuna lipitalo kusamehe. Siku ya Idi, baada ya sala, watu hupeana mikono mbele ya msikiti, huyu amwambia yule, "Nisamehe," na yule amjibu, "Nimekusamehe, nawe nisamehe." Kisha kila mmoja hushika njia yake. Lakini miongoni mwa hao waliopeana mikono wamo ndugu wawili wa tumbo moja ambao mwaka mzima hawakuombana moto. Yumo ami ambaye watoto wa nduguye walikuwa na dhiki naye ajua, wala hakuwapelekea hata pishi ya mchele, kwa kuwa baba yao alimsema vibaya barazani. Yumo jirani ambaye jirani yake aliugua hata akapona, naye hakuuvuka uchochoro kwenda kumtazama. Mmoja katika hawa akiulizwa, husema, "Sina neno naye. Nimekwisha kumsamehe. Lakini mimi na yeye, basi."

Neno hili, "mimi na yeye, basi," linataka kutazamwa kwa makini, ili ijulikane kama huo ni msamaha kweli, au ni chuki iliyovikwa kanzu nyeupe.

Hakuna mfano ulio wazi zaidi katika jambo hili kuliko habari ya Sayyidna Abubakar na Mistah bin Uthatha, Mwenyezi Mungu awe radhi nao. Mistah alikuwa mtu wa jamaa zake, kwani mama yake alikuwa binti wa mama mdogo wa Sayyidna Abubakar. Alikuwa maskini asiye na chuma. Naye alikuwa katika Muhajirina, waliohama Makka wakaacha kila kitu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na katika watu waliopigana Badri. Kwa udugu huo na kwa umaskini wake, Sayyidna Abubakar alikuwa akimpa masurufu yake, akila na kuvaa kwa mkono wake.

Katika mwaka wa 5 wa Hijra, na wengine husema wa 6, Mtume alirejea Madina kutoka vita vya Banil-Mustaliq, na pamoja naye mkewe Bibi Aisha, binti wa Sayyidna Abubakar. Jeshi lilipotua usiku karibu na mji, Bibi Aisha alitoka kwenda haja, na aliporejea akakiona kidani chake kimekatika na kuanguka, akarudi kukitafuta. Watu waliokuwa wakikipandisha kijumba chake juu ya ngamia hawakuhisi wepesi wake, kwani yeye alikuwa bado msichana mwembamba. Wakadhani yumo ndani, wakaondoka. Alipokuja hakumkuta mtu. Akakaa mahali pake, akijua kwamba watamkosa na watamrudia. Asubuhi akapita Safwan bin Muattal, aliyekuwa nyuma ya jeshi. Akampigisha ngamia wake magoti, akampandisha, akamwongoza ngamia kwa miguu pasina kumsemesha, hata wakalifikia jeshi mchana.

Kwa jambo hilo, Abdalla bin Ubayyi, mkuu wa wanafiki, akazua uzushi wake, na uzushi ukaenea Madina. Lau kuwa walioueneza ni wanafiki peke yao, jeraha lingalikuwa jepesi, kwani adui hatarajiwi ila uadui. Lakini waliingia ndani yake Waislamu wa kweli walioteleza, na mmoja wao akawa ni Mistah. Muda wa mwezi mmoja Bibi Aisha alikuwa mgonjwa, wala hajui linalosemwa. Usiku mmoja alitoka pamoja na mama yake Mistah. Mama huyo akajikwaa katika nguo yake, akamwapiza mwanawe. Bibi Aisha akamkataza, akaona ni vibaya kuapizwa mtu aliyehudhuria Badri. Hapo ndipo mama huyo alipomweleza yaliyosemwa. Basi na aizingatie jambo hili kila mwenye akili: aliyesingiziwa alikuwa akiilinda heshima ya msingiziaji, naye msingiziaji amekwisha kuivunja ya kwake.

Kisha Mwenyezi Mungu akateremsha aya katika Suratu-Nur kumtakasa Bibi Aisha, na kuwakemea walioueneza uzushi bila ya mashahidi. Haki ikadhihiri, na walioutamka uzushi wakapigwa adhabu ya kisheria, ambayo ni fimbo 80 kwa kila anayemsingizia mwanamke mtaharifu.

Hata yalipokwisha hayo, Sayyidna Abubakar akaapa kwamba hatampa tena Mistah kitu chochote maisha. Ni nani awezaye kumlaumu? Mkono wake ulikuwa ukikilisha kinywa kile kile kilichomla nyama binti yake. Hakuapa kumpiga, wala kumfukuza mjini, wala kumtukana. Aliapa kuuzuia mkono wake tu; na mali ni yake, na masurufu hayo hayakuwa deni juu yake, bali yalikuwa hisani. Kwa hesabu ya watu, hakumdhulumu mtu.

Lakini Mwenyezi Mungu hakuliacha jambo hilo likapita. Ikateremka aya ya 22 ya sura hiyo, ambayo maana yake ni kuwakataza wenye fadhila na wasaa wasiape kuacha kuwapa jamaa, na maskini, na waliohama katika njia ya Mwenyezi Mungu; na kuwaamrisha wasamehe na waachilie mbali; kisha wakaulizwa kama wao wenyewe hawapendi Mwenyezi Mungu awasamehe. Sayyidna Abubakar alipoisikia akajibu kwamba naam, apenda Mwenyezi Mungu amsamehe. Akamrudishia Mistah masurufu yake, na akaapa kwamba hatayaondoa tena abadan.

Katika aya hii yamo mafundisho matatu, na kila moja linastahili kushikwa.

La kwanza ni kwamba Mwenyezi Mungu hakusema kuwa kosa la Mistah ni dogo. Aya zilizotangulia zimekwisha kulieleza kuwa ni kubwa mbele yake, ijapokuwa watu walilidhani jepesi. Basi msamaha haujengwi juu ya kulidogosha kosa. Mtu amwambiaye aliyedhulumiwa, "Hilo si neno, lisahau," hamfundishi kusamehe, bali amwongezea dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza.

La pili, nalo ndilo kiini cha maneno haya, ni zile sifa tatu zilizotajwa: ujamaa, na umaskini, na kuhama kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Zote tatu zilikuwa kwa Mistah. Sayyidna Abubakar alipoapa alikuwa akimtazama mtu mwenye jina moja tu, nalo ni "aliyemsingizia binti yangu." Aya ikamgeuza uso wake, ikamwonesha mtu yule yule kwa majina yake mengine: huyu ni mtoto wa jamaa yako; huyu hana chakula; huyu aliacha nyumba yake Makka kama ulivyoiacha yako. Hii ndiyo huruma. Huruma si kulia machozi, wala si udhaifu wa moyo. Huruma ni jicho linalomwona mtu mzima pale ambapo ghadhabu humwona kwa kosa lake peke yake. Wanavyuoni wametoa katika aya hii hukumu kwamba dhambi, hata ikiwa kubwa, haiyafuti mema ya mtu yaliyotangulia. Kwani Mwenyezi Mungu alimwita Mistah kuwa ni katika waliohama, naye amekwisha kutenda aliyoyatenda.

La tatu ni lile swali la mwisho. Mwenye kudai alipotaka kukifunga kitabu cha deni lake, alikumbushwa kwamba yeye naye yu katika kitabu cha mwingine. Kila mtu asimamaye usiku akaomba maghufira, aomba asifanyiwe kwa kadiri ya alivyotenda. Basi vipi amwombe Mola wake huruma usiku, na mchana ampimie mwenziwe kwa mizani ya kulipiza?

Huenda mtu akasema: Sayyidna Abubakar alikuwa baba, je, yule mwenyewe aliyeumizwa alifanyaje? Jawabu imo katika habari za Bibi Aisha na Hassan bin Thabit. Hassan, mshairi wa Mtume, alikuwa mmoja wa walioingia katika uzushi ule. Miaka ikapita, Mtume akafariki mwaka wa 11 wa Hijra, na Hassan akawa mzee, akapofuka macho. Alikuwa akienda kubisha mlangoni kwa Bibi Aisha, naye humpa ruhusa ya kuingia. Watu wakastaajabu, wakamwuliza vipi amruhusu mtu yule. Akawajibu kwa kuuliza ni adhabu gani iliyo kubwa kuliko upofu, na akawakumbusha kwamba Hassan alikuwa akimtetea Mtume kwa mashairi yake. Na Urwa, mwana wa dada yake, alipomtukana Hassan mbele yake, alimkataza. Hapa tena ni jicho lile lile: aliuona upofu wake, akauona na utumishi wake, wala hakuona kosa lake peke yake. Naye alikuwa mwenye haki kuliko watu wote ya kusema, "Mimi na yeye, basi."

Na kabla ya hao wote, Kurani yatueleza habari ya Nabii Yusuf, amani imshukie. Ndugu zake walimtia kisimani, akauzwa kwa thamani duni, akapata mitihani ya Misri na jela yake, hata akafanywa kuwa mwangalizi wa hazina za nchi. Njaa ilipowapiga, ndugu zake wakamwendea wakitaka chakula, wala hawakumtambua. Mara ya kwanza hakujidhihirisha, wala mara ya pili. Alijidhihirisha pale walipomlalamikia dhiki iliyowapata wao na watu wao, wakamtajia bidhaa yao hafifu, wakamwomba awape sadaka. Waliomuuza walikuwa wamesimama mbele yake na mikono ya kuomba. Hapo moyo wake haukustahimili tena. Alipowakumbusha waliyoyatenda aliyataja kuwa ni ya wakati wa ujinga wao, kisha akawaambia kwamba hapana lawama juu yao siku ile. Na baadaye, alipokuwa akizihesabu neema za Mola wake mbele ya baba yake, alitaja kutolewa jela wala hakutaja kutolewa kisimani. Wafasiri wamesema kwamba aliacha kukitaja kisima ili asiwatahayarishe ndugu zake. Hiyo ndiyo adabu ya mwenye kusamehe kwa huruma: si kwamba amesahau, bali auchunga uso wa aliyekosa usiingie aibu mara mbili.

Lakini yapasa mambo yasichanganywe, kwani wako waliolitumia neno la msamaha kuwa ni pazia la dhuluma. Sharia imempa aliyedhulumiwa haki yake. Mwenye kulipa ubaya kwa kadiri yake pasina kuzidisha hana lawama, na mwenye kusamehe na kusuluhisha, malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Haki ni milki ya mwenyewe. Yeye ndiye asameheye, wala hapana mtu wa tatu awezaye kuitoa kwa niaba yake ili mambo yapoe. Mistah alipata adhabu yake ya sharia kwanza, kisha akarudishiwa masurufu yake. Wala adhabu haikuzuia huruma, wala huruma haikuzuia adhabu. Na dhalimu ambaye bado yu katika dhuluma yake, anayekula mali ya yatima au anayempiga mkewe, kumhurumia kwake ni kuushika mkono wake usitende tena, kama Mtume alivyofundisha kwamba kumsaidia ndugu aliye dhalimu ni kumzuia na dhuluma yake. Amwachiliaye akaendelea hakumhurumia yeye, wala hakumhurumia anayedhulumiwa.

Wala msamaha haumlazimishi mtu moyo wake usiume. Wahshi ndiye aliyemuua Sayyidna Hamza, ami yake Mtume, kwa mkuki katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Baada ya Makka kufunguliwa katika mwaka wa 8, alikuja Madina akasilimu, na Mtume akaukubali Uislamu wake, wala hakumlipiza damu ya ami yake. Ila alimwomba, akiweza, auepushe uso wake asimwone. Basi hata yeye aliyekuwa mwingi wa huruma kuliko watu wote, jeraha la Hamza lilikuwa likimuuma. Lakini maumivu hayo hayakumfungia Wahshi mlango wa toba. Wahshi akaishi katika Waislamu, na katika vita vya Yamama akautupa mkuki ule ule juu ya Musailima aliyejidai utume. Lau angaliuawa siku ile alipofika Madina, hakuna ambaye angalimwona amedhulumiwa. Lakini mema yaliyokuwa mbele yake yangalipotea.

Basi yarudiwe yale ya mwanzo. Mtu asemaye, "Nimemsamehe, lakini mimi na yeye, basi," ikiwa maana yake ni kwamba ajikinga na shari ambayo bado ipo, ana udhuru. Ikiwa maana yake ni kwamba moyo bado wauma, naye ajitahidi, ana udhuru vile vile, na Mwenyezi Mungu amjua. Lakini ikiwa maana yake ni kwamba ndugu yake ana njaa naye ana wasaa, au yu mgonjwa naye ana miguu, au amekuja kutaka suluhu naye ameufunga mlango, huyo hakusamehe. Amebadilisha silaha tu: ameuweka ulimi, akaushika mkono usitoe. Na ile aya iliteremka kwa ajili ya mkono kama huo.

Na katika miji ya pwani sababu za kukatana si ngeni kwa mtu. Mara nyingi ni urithi usiogawanywa kwa wakati wake, au mpaka wa shamba la minazi, au neno lililosemwa arusini na likapelekwa na wapelekao maneno, likafika limeongezwa chumvi. Wazee huondoka ulimwenguni wakiiacha minazi na kuuacha ugomvi, na watoto huvirithi vyote viwili. Minazi huzeeka ikaanguka, na ugomvi bado umesimama. Wahenga wamesema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakipatana, shika kapu ukavune. Lakini wako waliovuna kabla ya kupatana, wakala peke yao, na kila mmoja akakiona chakula chake hakina ladha.

Mtume amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wanakutana huyu akageuza uso na yule akageuza uso. Na akafundisha kwamba aliye bora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Na imepokewa kwake kwamba milango ya Pepo hufunguliwa kila siku ya Jumatatu na Alhamisi, akasamehewa kila mja asiyemshirikisha Mwenyezi Mungu, ila watu wawili wenye uadui baina yao. Hao hungojewa mpaka wapatane. Ni mara ngapi katika mwaka siku hizo mbili hupita! Na mtu akizihesabu ataona kwamba chuki yake kwa ndugu yake imemkosesha yeye mwenyewe mara mia na zaidi, na huyo ndugu pengine hana habari.

Kwa hivyo mwenye kutaka kusamehe na asijue aanzie wapi, na aanzie pale alipoanzia Sayyidna Abubakar, yaani mkononi, wala asingoje moyo upoe ndipo atende. Na kwanza amtazame yule mtu kwa majina yake yote: ni mtoto wa nani, ana dhiki gani, alitenda wema gani kabla ya kukosa. Kisha ampelekee kitu, hata kikiwa kidogo, na afadhali kwa siri, pasina masimango wala kutaja yaliyopita. Akiugua amtazame, akifiwa amzike maiti wake, asimame naye matangani. Na aliyekwisha kuapa, "Wallahi sitampa, wallahi sitaingia kwake," asikifanye kiapo chake kuwa ukuta baina yake na kheri. Mtume ameamrisha kwamba mwenye kuapa, kisha akaona lililo bora kuliko aliloliapia, na atende lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Asiyeweza kuwalisha maskini kumi wala kuwavika, atafunga siku tatu. Njaa ya siku tatu ni nyepesi kuliko kukutana na Mwenyezi Mungu na udugu uliokatwa.

Huenda huyo aliyekosa asishukuru. Huenda asijue hata thamani ya aliyotendewa. Hilo halimdhuru mwenye kusamehe, kwani Sayyidna Abubakar hakuurudisha mkono wake kwa sababu Mistah alibadilika. Aliurudisha kwa sababu alipenda Mwenyezi Mungu amsamehe. Hakumuuzia Mistah msamaha. Alimwomba Mola wake, na masurufu ya Mistah yakawa ndiyo ushahidi wa ombi lake.

Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo za Waislamu baina yao, awape macho ya kuwaona ndugu zao kwa huruma kabla ya kuwaona kwa makosa yao, aifungue mikono iliyofungwa kwa hasira, na awasamehe wao na wazee wao waliotangulia. Amin.